Mgeni wa Giga Mbili

Radi ya Novemba ilipiga ofisi ya ushirika, pale Isevya,
ikaunguza kompyuta, simu ya mezani na balbu ya msalani.
Diski ilipona.
Katibu Lugusha aliniletea imeviringishwa kwenye khanga, kama yai.

Ndani yake mna daftari la asali,
programu aliyoitunga kijana mmoja wa chuo
kabla hajaenda zake Mwanza kuuza vipuri.
Haisemi na mashine yoyote ya leo.
Inataka dunia yake ileile, ya zamani,
la sivyo haifungui mdomo.

Basi nikaijengea dunia.
Kompyuta yangu inatumia Linux; nyumba yangu, sina dhiki.
Nikakata chumba cha uani:
giga mbili za kumbukumbu, diski ya giga ishirini.
Mtandao nikaufunga,
maana mzee huyu hana chanjo ya magonjwa ya siku hizi.
Tarehe nikamrudishia mwenyewe, elfu mbili na tisa,
kwa kuwa programu hugoma ikionyeshwa mwaka wowote wa mbele.
Nikasema, karibu. Pita.

Akaamka akijiona mwenye nyumba.
Hilo hunichekesha kila mara:
anahesabu kumbukumbu nilizomkatia
akidhani ndizo zote zilizoko ulimwenguni.
Akatandaza kile kilima chake cha kijani
na mbingu isiyolijua vumbi la Tabora,
akapiga kimuziki chake cha kuingia,
akaulizia printa iliyokwisha kufa.

Bi Nyanzala alikuja kuchaji simu tu.
Akaona, akavuta kreti ya soda, akakaa.
"Hiyo ni kompyuta ndani ya kompyuta?"
Ndiyo, mama.
"Na ya ndani inajua?"
Haijui.
Akanyamaza kidogo.
"Usiiambie."

Siku ya tatu, kama ilivyo desturi, nikampa mgeni jembe:
toa majina yote, kilo zote, madeni yote.
Kwanza nilipiga picha ya mashine nzima ilivyo,
ili nikiharibu kitu nibofye, nirudi palepale.
Nilimweleza Bi Nyanzala jambo hilo.
Nilijuta kumweleza. Aliuliza mara mbili:
"Palepale kabisa?"

Majina yakaanza kushuka.
Kalunde, Sikonge, kilo kumi na nane, amelipwa.
Nkamba, kilo saba, nta kidogo, amelipwa.
Mihayo Kasanda, Ipole, mizinga thelathini,
kilo arobaini na sita,
hajalipwa.

Nikasikia kreti ikilia.

Mihayo alianguka kutoka kwenye mninga akirina usiku,
msimu uliofuata huo.
Lakini humo ndani msimu haujafuata.
Humo ana mizinga thelathini, na kishale kinapepesa
ubavuni mwa jina lake
kama mtu aliyesimama penye mizani akingoja zamu.
Feni ya kompyuta ilivuma. Hatukusema kitu.
Mwishowe aliomba nimsomee tena,
si jina, kilo.

Kesho yake Lugusha alikuja na kikokotoo.
Mwanzoni alisema deni limezeeka.
Nikamgeuzia kioo aone:
tarehe ya humo, deni lina wiki mbili.
Akajikuna, akacheka, akakubali, akapiga hesabu:
arobaini na sita mara elfu moja na mia nane,
elfu themanini na mbili na mia nane, zako hizi, mama, weka sahihi.

Mimi nilikuwa nimekwisha msimamisha mgeni.
Halalamiki. Unamkata katikati ya pumzi,
ukimwamsha hata baada ya mwaka
anaimalizia pumzi ileile.

Bi Nyanzala hakuigusa kalamu.
Alikitazama kile kilima kilichoganda,
kisha akamtazama katibu.
"Hiyo ni bei ya humo ndani," akasema.
"Mimi naishi huku nje."